Siku Tuliyompelekea Mzee Pomboo Maziwa

Hii nitawasimulia mara moja tu, na kama ni kucheka mcheke sasa, msingoje nifike katikati, kwa sababu hapo katikati ndipo bado pananiuma. Kule Kapsoit hata sihitaji kuisimulia, watu wanaisimulia wenyewe nikiwa nimeketi hapo hapo na kikombe changu cha chai, na kila mtu anaongeza yake (kuna mmoja anaapa kwamba nilibebwa na samaki mpaka Tanzania, uongo mtupu). Aibu yenyewe ni kwamba mimi, mwalimu wa Kiswahili, mtu mzima mwenye mke na suti, nilipanga safari ya kanisa zima kwenda kumsalimia mzee mmoja mashuhuri wa pwani anayeitwa Pomboo.

Wale mnaojua pomboo ni nini mmeshaanza kucheka. Ni mnyama wa baharini, yule anayeruka juu ya maji kama anaringa, ndiye dolfini. Leo najua. Wakati huo, miaka ya tisini, sikujua, na ningesema tu sijui ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo.

Lazima kwanza mjue nilikuwa na shida gani. Mimi ni mtu wa Soin, kule chini kwenye joto, ambako chai haimei hata ukiibembeleza. Nilioa Kapsoit, na baba mkwe wangu, Mzee arap Chirchir, alikuwa na chai imefika mpaka mlangoni. Hakuwahi kunitukana. Alikuwa tu ananiuliza kila nikienda kuwaona, "Na huko kwenu siku hizi mnapanda nini?" na mimi nikijibu ni mtama, anatikisa kichwa pole pole kama mtu ameletewa habari za msiba. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho hakuna mtu mwingine alikuwa nacho pale kanisani, na hicho ni Kiswahili cha kitabu. Wageni wakija, naitwa nitafsiri. Barua ya serikali ikija, naitwa niisome. Hapo mzee alikuwa ananitazama kidogo kama mtu, na mimi nilikuwa naishi kwa hayo macho.

Sasa, mwinjilisti mmoja wa pwani, jina lake Karisa, alikuja kutuhubiria wiki nzima, akatetemeka kwa baridi wiki nzima, na wakati wa kuondoka akasema na sisi tuende kwao tukaone bahari. Watu wakafikiri ni maneno ya kuaga tu, lakini Mama Rael, mwenyekiti wa kina mama, si mtu wa kuachilia neno likianguka chini. Alilifuata mpaka basi likakodishwa. Ikabaki kujua programu, na kwa sababu simu ilikuwa moja tu, ya ofisi ya hedimasta wetu, nikawa mimi ndiye wa kuongea na Karisa.

Laini ilikuwa mbaya kama kawaida ya mvua. Nilikuwa nasikia maneno matatu, halafu kama mtu anakaanga mahindi, halafu maneno mengine matatu.

"Siku ya pili asubuhi," Karisa akasema, "mtapelekwa kule hifadhini kumwona pomboo. Mwalimu, pomboo unamjua wewe, sivyo?"

Na hapo ndipo nilipojimaliza. Hedimasta alikuwa amesimama nyuma yangu, na walimu wawili walikuwa mlangoni, na mtu anakuuliza wewe mwalimu wa Kiswahili kama unajua neno la Kiswahili. Nikasema, "Namjua, namjua sana."

"Basi vizuri, uwaeleze na wenzako. Ana akili huyo! Na anapenda watu. Lakini waambie wasimkimbilie, wamwache aje mwenyewe. Wasimzunguke. Wasimguse. Kelele hapana. Na wasimpe chakula, hata akikaribia."

"Sawa sawa," nikasema.

"Boti ikifika nahodha atazima injini, mtulie. Wakiwafurahia, utaona wanaruka. Wanaishi ukoo mmoja, wakubwa kwa watoto. Na wale wanaotaka kumkaribia zaidi, wataingia naye majini. Kuna watu watawashika mkono, msiogope." Halafu mahindi yakakaangwa, na simu ikakata.

Nilirudi darasani nimechanganyikiwa kabisa. Nilifungua kamusi ya shule, moja tuliyokuwa nayo, lakini kurasa za nyuma zilikuwa zimeng'oka zamani na Kiswahili chetu kilikuwa kinaishia kwenye ndizi. Pomboo ningemtoa wapi? Nikabaki na yale niliyosikia. Kuna mtu ana akili, anapenda watu, lakini hakimbiliwi wala haguswi, unamngoja aje mwenyewe, na ana ukoo wake, na anaishi mahali panapofikiwa kwa boti. Mniambie nyinyi, huyo si mzee mkubwa wa mahali? (Hapo kwa kuruka palinisumbua kidogo. Nikajiambia labda ni kama Wamaasai.)

Jumapili baada ya ibada Mama Rael akanishika mbele ya watu wote. "Mwalimu, huyu Bomboo ni nani?" Kwetu p na b ni ndugu, wanabadilishana nguo.

"Ni mzee wao wa huko," nikasema.

"Mzee wa kanisa ama chifu?"

Ningesema sijui, hata hapo bado nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Ni kama yote mawili." Halafu kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza vizuri, na baba mkwe wangu alikuwa amesimamisha fimbo yake akinitazama, nikaendelea, nikawaeleza habari za kutomgusa na kunyamaza na kuingia naye majini.

Basi neno majini likaleta vita. Kwa mtu wa kanisa, mzee akikuingiza majini huku mtu amekushika mkono, hiyo ni kitu gani kama si ubatizo? Mama Rael akasema yeye alibatizwa akiwa msichana, mtoni, na mto ulikuwa na baridi kuliko ubatizo wote wa duniani, na habatizwi mara ya pili na mtu hajui ametoka dhehebu gani. Wengine wakasema maji ya bahari ni maji kama mengine, na kama mzee wa watu amejitolea, kukataa ni madharau. Walibishana wiki mbili, pale kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, vikapu mgongoni, na kila wakishindwa wananiita niamue, na mimi naamua, yaani nilifika mahali nilikuwa naeleza imani ya Pomboo kama niliyesoma naye.

Halafu siku moja mzee arap Chirchir akaja mwenyewe mpaka nyumbani kwangu. Hakuwa mtu wa kuja. Nikamtolea kiti, akakaa, akaangalia mahindi yangu, hakusema kitu juu ya mahindi.

"Huyo Bomboo," akasema, "anajua watu wa huko?"

"Anawajua."

"Wote? Hata wale si wa kwao, wamekuja tu kazi?"

"Mzee, huko hakuna mtu anaingia na yeye asijue."

Akageuza fimbo yake mara mbili mkononi. Halafu akasema, "Mimi nitaenda." Mtu ambaye alikuwa hawezi kuacha ng'ombe wake akalale hata Sotik hapa karibu! Nilifurahi mpaka nikasahau kujiuliza ni kwa nini anauliza. Nilidhani ni mimi ndiye nimemvuta.

Alipoanza kutayarisha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, ndipo niliogopa kidogo. Alichagua kibuyu kizuri kuliko vyote, mama mkwe akakisugua ndani kwa mkaa wa mti, wakajaza maziwa, wakaacha yagande vizuri. Nikasema kwa heshima, "Mzee, walisema hapewi chakula." Akanicheka. "Mzee gani anakataa maziwa? Hiyo ni kusema tu. Atakataa kwanza, halafu atapokea." Nikaona ana maana. Yote yalikuwa na maana siku hizo, hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Safari naiacha. Tulifika tukiwa tumevimba miguu, tukapokelewa vizuri, tukala wali wa nazi ambao Mama Rael aliuchunguza kama daktari. Siku ya pili asubuhi Karisa angekuwa na sisi, na naamini angekuwa na sisi haya yote hayangetokea, lakini alikuwa amefiwa na jirani, akaitwa mazishini, akatuacha mikononi mwa kijana mmoja mtembeza wageni anaitwa Bakari, mtu mchangamfu, suruali fupi, hana viatu.

Bakari alitutazama tulipotokea pale ufukweni na nikaona uso wake unababaika. Kina mama wamevaa sare za kanisa, vitambaa vyeupe kichwani. Mimi suti. Mzee koti zito la baridi, kofia, fimbo, na kibuyu amekikumbatia kama mtoto.

"Mko na nguo za kubadilisha?" Bakari akauliza.

"Tuko sawa hivi," nikasema. Nilimwonea huruma kidogo kwa suruali yake.

Akatuvalisha laifujaketi, yale majaketi ya rangi ya chungwa ya kuelea majini, juu ya hizo nguo zote, na mzee akakataa kuvua koti, kwa hivyo yake haikufunga. Tulipoketi nikamwuliza Bakari pole pole, kama mwenzake wa kazi, "Na leo yuko?"

"Tukibahatika. Jana walikuwa wengi. Leo hatujui."

"Kwani hamkumwambia tunakuja?"

Akacheka, akidhani nafanya mzaha. "Tulimwambia, bwana, lakini huyo hasikii la mtu." Nikaona hiyo si lugha ya kusema juu ya mzee.

Maji siku hiyo yalikuwa yametulia, lakini kwa mtu wa Soin maji yakizidi sufuria tayari ni mengi. Nilishika ubao kwa mikono miwili. Bakari akatukumbusha masharti, yale yale ya Karisa, na watu wangu wakawa wananitazama kila sharti likitajwa na kutikisa kichwa, kwamba kweli Mwalimu alituambia. Nilijisikia vizuri sana. Sijawahi kujisikia vizuri hivyo tena kwenye chombo chochote.

Halafu nahodha akazima injini.

Kimya. Maji yanagonga boti tu. Upande wa pili, mbali kidogo, kulikuwa na boti nyingine imesimama na yenyewe imezima injini, na ndani yake, katikati, chini ya mwavuli, alikuwa ameketi mwanamume mmoja mnene, ndevu nyeupe, kanzu nyeupe mpaka miguuni, watoto na wanawake wamemzunguka. Ukoo mzima, wakubwa kwa watoto.

Bakari akanong'ona, "Huyo! Huyo! Mmemwona? Pomboo huyo!" na akanyoosha mkono kule kule.

Mimi niliona kanzu. Yeye alikuwa anaonyesha maji yaliyo kati yetu na ile kanzu, sasa najua, lakini niambieni, wewe umengoja mzee na mkono unaelekezwa kwa mzee, utaangalia maji?

Nikawageukia watu nikasema, "Simameni."

Wakasimama wote, kina mama wa kanisa wazito, upande mmoja. Boti ikalala. Bakari akapiga kelele, "Kaeni! Kaeni jamani!" lakini Mama Rael alikuwa ameshaanzisha wimbo wa kumkaribisha mgeni wa heshima (ingawa wageni tulikuwa sisi), na kina mama wakianza wimbo hawakatwi na mtu wa suruali fupi. Watu wa boti ile nyingine wakageuka kututazama. Yule mzee wa kanzu akainua mkono, kwa adabu tu, kama mtu yeyote akiimbiwa asubuhi bila sababu.

"Ametukubali," nikasema.

Baba mkwe akavua kofia. Wimbo ukaisha. Akanisogelea akanisimamisha kando yake, akaanza kuongea kwa Kipsigis, kwa sauti ile ya baraza, na mimi nikawa natafsiri kwa kupaza sauti juu ya maji, Kiswahili changu kizuri kuliko vyote, nikianza na Mheshimiwa Mzee Pomboo.

"Mheshimiwa Mzee Pomboo! Mimi ni mzee kama wewe. Nimetoka mbali, kwetu ni baridi. Nimekuletea maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe."

Kule kwa boti nyingine nikaona mtu anamshika mwenzake bega. Nilidhani wameguswa.

"Sikuja kuomba mali," mzee akasema, na mimi nikasema. "Nina kijana wangu, anaitwa Kiprotich."

Hapo ulimi wangu ulikwama. Kiprotich alikuwa kaka ya mke wangu. Alikosana na baba yake juu ya shamba la chai, akaondoka na watu wa kutengeneza barabara, wakasema wanaelekea pwani, na miaka ilikuwa imepita bila neno. Nyumbani kwa mzee jina hilo halikutajwa, hata mama yake alikuwa analitaja kwenye maombi tu. Kumbe ndiyo maana aliniuliza kama Pomboo anajua hata waliokuja kazi. Kumbe ndiyo maana ya kibuyu. Alikuwa amenisikiliza mimi, kila neno.

"Sema," mzee akaniambia.

Nikasema. "Kijana wangu alikuja huku kwenu. Kama yuko hai, mwambie mama yake bado anamwekea chakula. Kama amekufa, nionyeshe tu mahali mmemlaza, nirudi nyumbani."

Na boti ile nyingine ikapasuka kwa kicheko. Si wote, na si kwa ubaya, leo naelewa, kwa sababu walidhani ni mzaha na walikuwa wanangoja mwisho wake. Watoto walikuwa wanalala chini kwa kucheka. "Mzee Pomboo! Babu anaitwa Pomboo!" Wakati huo huo, katikati ya boti zetu, kitu cheusi kinachong'aa, kikubwa kama ndama, kikatoka majini, kikapinda hewani, kikarudi majini bila haraka. Halafu kingine. Halafu kimoja kidogo nyuma yao.

Kina mama wakapiga mayowe. Boti ikalala upande wa pili. Nilikuwa nimechukua kibuyu kutoka kwa mzee, nikiwa nimeinama mbele, tayari kukabidhi, na nilipoinua macho nikaona anga, halafu nikaona maji kwa ndani.

Sijui kuogelea. Soin hatuna haja. Jaketi lilinirusha juu kama kizibo, suti imejaa maji, macho yananiwaka kwa chumvi, nikakohoa, na kando yangu, karibu kama ulivyo wewe, ukatokea uso. Sijui kama mnyama anaweza kutabasamu bila kukucheka. Alinitazama kwa jicho moja, akatoa pumzi puuu kupitia kichwani, akanizunguka. Maziwa yalikuwa yanasambaa majini pande zote, meupe yenye majivu majivu.

"Usimguse!" Bakari akanipigia kelele huku anaruka majini. "Usimkimbize!"

Mimi! Nimkimbize wapi?

Niliinuliwa kwa kola nikatupwa botini, na kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti ya baba mkwe, kwa utaratibu kabisa, kwa sababu alikuwa bado amesimama na kofia mkononi. Hakuwa ameelewa kicheko. Alifikiri huko pwani ndivyo watu wanavyojibu.

"Mzee Bomboo amesema nini?"

Kila mtu alikuwa ananitazama. Nikakaa kwenye maji yangu. "Mzee," nikasema, "Bomboo si mtu. Ni samaki."

"Si samaki," Bakari akasema, naye anakamua shati, bila kujua anaingilia nini. "Anazaa, ananyonyesha. Ana maziwa kama ng'ombe."

Hakuna mtu aliyecheka. Mzee alivaa kofia yake, akaketi, akaweka fimbo katikati ya magoti. Akatazama maji muda mrefu, wale wanyama wanatoka na kuzama, wanatoka na kuzama.

"Kumbe maziwa anayajua," akasema. Akanipa mgongo mpaka nchi kavu, na mimi nilitamani angenipiga.

Pale ufukweni ile boti nyingine ilifika nyuma yetu. Yule wa kanzu akashuka, jina lake Bwana Athmani, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa amewatoa wajukuu matembezi. Akamfuata baba mkwe wangu moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu, tusamehe. Tulidhani mnacheza. Huyo kijana jina lake nani?"

Nikafungua mdomo nitafsiri. Mzee akaniweka kando kwa fimbo, taratibu, akajibu mwenyewe kwa kile Kiswahili chake cha kuuza ng'ombe, "Kibrotich. Kibrotich arap Chirchir. Ako na alama hapa," akagusa nyusi. Bwana Athmani akarudia jina mpaka likakaa. Lakini hakumjua, wala Bakari, wala mtu yeyote pale. Tukarudi nyumbani. Mama Rael ndiye peke yake aliyeniambia kitu, tukiwa tumekaribia Kericho: "Mwalimu, si ungesema tu hujui?"

Kwa miezi mingi sikuenda kwa baba mkwe. Mke wangu alienda peke yake akarudi ameninunia. Watoto wa shule walinipa jina, mnalijua.

Halafu siku moja, nikiwa nasahihisha madaftari, mtu akaja mbio kuniambia Kiprotich amefika nyumbani. Nilidhani wananidhihaki tena. Nilipofika, ua umejaa watu, na kweli, huyu hapa, amekonda, ngozi imeungua, alama kwenye nyusi, kando yake mwanamke wa pwani amebeba mtoto.

Alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, mbali sana na pale tulipokwenda. Wale wapakiaji wa malori wakikaa kula wana hadithi zao, na kulikuwa na moja imetembea kutoka kwa wauza samaki, ya mzee wa bara aliyemletea pomboo maziwa kwa kibuyu, na mwalimu wake akaanguka baharini na suti. Kiprotich akasema alicheka kama wengine, alicheka mpaka machozi, akauliza, "Na huyo mzee alikuwa anataka nini kwa pomboo?" Wakamwambia alikuwa anatafuta mtoto wake, anaitwa Kiprotich. Chakula kilimwanguka mkononi.

Sasa mimi nielewe vipi hapo? Mama mkwe alinishika shingo akalia, "Kongoi, kongoi, asante, ni wewe umemleta," na mimi sikujua nifurahi ama niingie chini ya ardhi, kwa sababu sikuwa nimemleta mtu, nilikuwa nimedanganya watu na kuanguka majini. Baba mkwe aliposimama kushukuru, alimshukuru Mungu, akamshukuru Bwana Athmani, akashukuru hata pomboo, akaketi. Mimi hakunitaja. Nilimwelewa. (Na msifikiri mambo yaliisha vizuri kabisa, wiki haikuisha kabla hawajaanza tena kugombana juu ya lile shamba, unawasikia mpaka barabarani.)

Lakini jambo la kuwaambia ni la mchana huo huo. Yule mke wa Kiprotich, msichana wa watu, mpole, alisimama mlangoni mwa jiko akasema, "Mama, naomba kata."

Mama mkwe akamtazama. Akaenda akamletea kisu. Msichana akakirudisha kwa heshima, akasema tena, "Kata, mama." Akaletewa panga. Nikaona vichwa vinanigeukia kimoja kimoja, mpaka kile cha baba mkwe.

"Mwalimu," Mama Rael akasema, "huyu anataka kukata nini?"

Nilikuwa na jibu, ndiyo ajabu yangu. Lilikuwa limeshafika kwenye meno, jibu zuri kabisa, kwamba kwa desturi za huko bibi arusi hukata kitu fulani akiingia kwa wakwe.

"Sijui," nikasema. "Muulizeni mwenyewe."

Wakamuuliza. Akacheka kwa aibu, akakunja kiganja akakichovya hewani mara mbili, kama mtu anateka maji mtungini. Kumbe kata kwao ni chombo cha kutekea maji, alikuwa na kiu tu. Mama mkwe akamletea maji kwa kikombe, na baba mkwe wangu, bila kunitazama, akasogea kidogo kwenye benchi ili nipate mahali pa kukaa.